Mkaidi Aliyesoma Ili Afeli

Jirani yangu hapa mjini, Rahaleo, amepanga mifuko ya salfa chini ya dirisha la jikoni kwangu, na tangu Jumatatu kila ninachopika kinanuka kiberiti. Mtu mwingine angetoka akaseme naye. Mimi si mtu wa kutoka. Wanaonifahamu wanasema nikifika sokoni nimesafiri, na nikivuka barabara ya lami lazima nianze kuaga ndugu. Basi nimekaa ndani na harufu yangu, na harufu yenyewe imenichukua bila nauli mpaka kijijini Ziwani, nyumbani kwa bibi, mwaka ule niliokuwa darasa la saba.

Kwa asiyekulia kwenye mikorosho, salfa ni unga wa njano unaopulizwa miti inapoanza kuchanua, ili maua yasiliwe na ugonjwa wa ubwiri. Mjomba alikuwa na mashine yake ya kubeba mgongoni. Msimu ukifika alitoka alfajiri na kurudi jua likiwa juu, wa njano mpaka kope, akikohoa kama injini iliyokataa kuwaka. Harufu ilifika nyumbani kabla yake. Tukiisikia, bibi alisogeza kigoda, mimi nilichota maji ya kunawa, na aliyekuwa anacheka alinyamaza. Mama alikuwa ameolewa Msimbati na mimi niliachwa kwa bibi tangu nilipoachishwa ziwa. Na kwetu mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mwenye kauli juu yangu alikuwa mjomba. Akisema kaa, umekaa.

Sikuwa na shida na hilo. Niseme ukweli, nilikuwa mtoto wa kike mtiifu kiasi cha kuchosha. Nikitumwa chumvi nilirudi na chumvi, chenji, na salamu za mwenye duka. Wenzangu waliitwa wakaidi kila siku ya Mungu: aliyepanda mkorosho alioambiwa asipande, aliyechelewa madrasa, mbuzi wa jirani aliyekataa kamba. Mimi neno hilo lilinipita juu kama ndege ya kwenda Dar. Nililiogopa, tena niliogopa kwa sababu ya chakula. Bibi alikuwa akisema, "Mkaidi hafaidi hata siku ya Idi," na mimi niliichukua methali ile kama tangazo la serikali. Niliamini kabisa kuna mahali majina ya wakaidi yanaandikwa, na Idi ikifika pilau haiwapiti kooni. Kila Idi nilizunguka na macho kuangalia nani hali. Mwaka mmoja mzee wa nyumba ya tatu aliisukuma sahani yake pembeni, nikamwonea huruma mwezi mzima, mkaidi wa watu na mvi zake. Kumbe jino.

Mwaka wa mtihani, mjomba alirudi shambani siku moja, akanawa, akakaa. Bibi alikuwa anamenya mihogo ya kukausha makopa, na mimi napanga vipande juani.

"Mtihani lini?" akaniuliza.

"Bado wiki tano, mjomba."

"Hutafaulu."

Nilidhani ananikatia tamaa. "Sijui, mjomba. Mwalimu anasema nikikazana..."

"Sikukuuliza. Nakwambia. Usifaulu. Wakikupa karatasi, jaza ovyo, toka, rudi nyumbani."

Bibi hakuinua kichwa. Mjomba akaendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayepanga safari ya shamba. "Ukifaulu serikali itaniambia nikupeleke sekondari. Nisipokupeleka, mtendaji wa kijiji ananiita ofisini. Nikikupeleka, nakupeleka na nini? Ukifeli hakuna wa kuniuliza. Mtoto hana akili, basi, yamekwisha."

"Na akili anazo," bibi akasema, bado anamenya.

"Ndo maana namwambia mapema."

Wenzangu mliosoma vijiji hivi miaka yetu ile, najua mnatikisa vichwa. Wa kutoka mikoa mingine nikiwasimulia hudhani natunga. Lakini mwezi ule karibu kila uwani paliongewa maneno hayohayo. Wala si kwamba watu hawakutupenda. Mjomba alinibeba mgongoni nilipougua degedege, kilomita sijui ngapi mpaka zahanati. Alikuwa mtu aliyeona mbele yake ukuta, akaamua mimi nigeuke kabla sijaugonga.

Nilijibu, "Sawa, mjomba." Na moyoni, nawaambieni, nilifurahi. Sekondari ilikuwa mbali. Watoto wa huko walipanga vyumba vya tope wanne wanne, wakapika wenyewe, wakala ugali usioiva. Mimi nilikuwa na bibi, na jiko, na kona yangu ya mkeka ukutani. Nani aliyewahi kupewa amri tamu namna hiyo? Kaa nyumbani, mpumbavu wangu, usiende popote.

Aliyeniharibia furaha ni Zuhura, mwenzangu wa dawati. Naye alikuwa ameambiwa na baba yake vilevile. Tukiwa tunachota maji aliniuliza, "Ya Selemani unayajua?"

Selemani alikuwa mvulana wa mwaka uliotutangulia. Aliambiwa ajaze ovyo, akajaza ovyo kwa moyo safi, bila hata kusoma maswali, akafaulu. Mzazi wake aliitwa kwa mtendaji. Ikabidi Selemani mwenyewe apelekwe akaeleze kwamba alibahatisha tu, hajui kitu, na walipomuuliza maswali mawili matatu wakaona kweli hajui kitu, wakamwacha arudi zake. Lakini nyumba nzima iliaibika.

"Mimi nitaandika A tupu," Zuhura akasema. "Swali la kwanza mpaka la mwisho."

"Na majibu yakiwa A mengi?"

"Aliyetunga mtihani atakuwa mvivu kiasi hicho?"

Sikuridhika. Usiku ule na siku zilizofuata nilijawa na hofu ya kufaulu. Kujaza ovyo ni kamari, na mtoto mtiifu hachezi kamari na amri ya mjomba wake. Nikawaza, nikawazua, nikafika kwenye hitimisho ambalo hata leo naliona halina kasoro: njia pekee ya kufeli kwa uhakika ni kuyajua majibu yote sahihi, halafu kuyakwepa moja baada ya jingine.

Basi nikaanza kusoma. Sijawahi kusoma vile kabla wala baada. Nilisoma nikichochea moto, nikisubiri zamu kisimani, nikipanga makopa juani. Niliazima mitihani ya nyuma kwa mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Neema, mwanamke wa Mbeya ya baridi aliyeletwa kwetu na sweta lake na hakulivua mwaka mzima. Nadhani lilikuwa limebaki ndilo nyumbani kwake.

"Kumbe unaitaka sekondari," akaniambia siku nilipokwenda kuazima mara ya nne.

"Hapana, mwalimu."

"Unataka nini basi?"

"Nataka kuyajua majibu."

Aliniangalia kama mtu aliyekuta yai kwenye kiatu. Kuanzia siku ile wenzangu wakitoka yeye alibaki na mimi darasani, akinieleza sehemu na desimali, na kwa nini maji huchemka, na lile dude liitwalo wakati uliopita kwa Kiingereza. Alifurahi mpaka nikaona haya. Kila nikilielewa jambo alipiga meza kofi, na mimi najisemea rohoni, hili nalo nitalikosea vizuri.

Bibi alikuwa ananiangalia. Siku moja aliniuliza, "Unasoma nini muda wote?"

"Ya kukosea, bibi."

"Kazi hiyo nzito," akasema. "Kujua ni jasho, halafu kukataa kwamba unajua ni jasho jingine. Mimi nisingeiweza."

Siku ya mtihani tulikaa mbalimbali, dawati moja mtoto mmoja. Kulikuwa na msimamizi wa shule nyingine tusiyemjua, na mgambo nje ya dirisha. Somo la kwanza Kiswahili. Nikafanya kama nilivyojifunza: nasoma swali, nalitambua jibu, naandika herufi ya pembeni yake. Matano ya kwanza niliyakosea kwa ufundi. Kila herufi ilikuwa kama kutia chumvi kwenye chai kwa makusudi, lakini nilitia. Swali la sita lilisema tukamilishe methali: mkaidi hafaidi hata siku ya nini. Wakatupa za kuchagua. Harusi. Mnada. Idi. Jumapili. Mavuno.

Nililitazama swali lile mpaka msimamizi akanipita mara mbili. Ili nimtii mjomba ilibidi niandike, kwa mkono wangu, kwamba mkaidi hafaidi hata siku ya mnada. Methali niliyofundishwa na bibi, na ustadhi, na mjomba mwenyewe kila alipomshika sikio mtoto wa mtu. Methali iliyoninyima raha Idi zote za maisha yangu. Leo, ili nisiwe mkaidi, nijifanye siijui. Nikaona mambo hayaendi pamoja. Wanaonikataza ukaidi ndio wanaoniambia niifute methali yao.

Hapo ndipo nilipokasirika. Si kwamba ghafla nilitaka kuwa daktari au rubani. Sekondari sikuitaka bado. Kilichoniuma ni kauli ile ya mjomba, ndo maana namwambia mapema. Alijua akili ninazo. Asingejua asingehangaika, angeniacha niende nikafeli kwa nguvu zangu mwenyewe. Mtu anayejua una akili ndiye anayekuomba uzifunike kama sufuria, ili yeye apite. Na mimi nilikuwa nimekubali, tena nikamchotea maji ya kunawa.

Nikaandika Idi. Nikarudi juu nikayafuta matano ya mwanzo, nikifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikaingia ukungu na swali la tatu likakaribia kutoboka. Nikayaandika upya. Kutoka pale sikunyanyua kichwa siku zote mbili.

Nje Zuhura alikuwa ananisubiri, amemaliza zamani. "Umejaza?"

"Nimejaza," nikasema. Uongo haukuwamo hata kidogo.

Ikaja miezi ya kungoja. Korosho zilianza kudondoka, tukaingia mashambani na vikapu, na katikati ya msimu ikaingia Idi. Asubuhi ile nilikaa mbele ya sahani ya pilau kama mshitakiwa. Niliweka tonge la kwanza mdomoni nikasubiri koo lifungwe. Halikufungwa. Nikaweka la pili. Bibi akaniambia, "Kula taratibu, hakuna anayekufukuza." Nilikula sahani mbili na ukoko. Nilipomaliza nilikuwa nimeshafikia uamuzi kwamba methali ile ilitungwa na mwenye sufuria, siku aliyokuwa hataki kugawa.

Matokeo aliyaleta Mwalimu Neema mwenyewe, kwa miguu, jua la saa saba, sweta mwilini. Mjomba alikuwa uwani anageuza korosho kwenye jamvi. Mwalimu alimwamkia vizuri, akapewa maji, akasema mtoto wenu amechaguliwa, wasichana ni wawili tu kijiji kizima. Mjomba alimshukuru kwa adabu zote. Alimsindikiza mpaka njia panda. Aliporudi hakukaa.

Bibi alimuwahi. Bibi yangu alikuwa mwepesi wa kuziba ufa kabla nyumba haijaanguka. "Hata usimuulize mtoto," akasema. "Kajaza ovyo, ikatokea. Si kama yule Selemani?"

Mjomba akanigeukia, na usoni niliona karibu shukrani. "Ni hivyo? Ilitokea tu?"

Naomba muelewe mlango niliofunguliwa. Ningesema ndiyo, kesho yake angenipeleka kwa mtendaji. Ningejifanya zuzu mbele ya maswali mawili matatu, kazi niliyokwisha kuisomea. Mjomba angetoka salama, na mimi ningebaki na jiko langu na kona yangu ya mkeka mpaka nioe... mpaka niolewe, nataka kusema, maana hata kalamu inachanganyikiwa nikikumbuka. Kila kitu nilichokipenda kilikuwa upande ule wa neno moja.

"Haikutokea," nikasema. "Nilikuwa najua."

"Unajua nini?"

"Maswali. Karibu yote."

"Nilikwambia nini mimi?"

"Uliniambia nifeli."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikafaulu, mjomba."

Akalitoa, polepole, lile neno lililokuwa likinipita juu miaka yote. "Mkaidi."

Nilisubiri linipige. Lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Na kwa kuwa halikuniangusha, nilipata nafasi ya kuligeuza na kuliangalia, na nikagundua jambo ambalo sikuwa nimeliona. Neno hili huteremka tu. Mzazi humwita mtoto mkaidi, mwalimu mwanafunzi, mwenye kamba humwita mbuzi. Sijawahi kumsikia mbuzi akimwita mwenye kamba mkaidi, ingawa wanavutana wote wawili, na kamba ni ileile.

"Na wewe mjomba ni mkaidi," nikasema.

Bibi aliacha kuchambua korosho. Kuku nao nadhani waliacha.

"Sema tena."

"Na wewe ni mkaidi."

"Mimi nimemkaidi nani?"

"Serikali. Imekwambia unipeleke shule, wewe hutaki. Mwalimu naye kakwambia sasa hivi, umemsindikiza tu."

Sijui ningefanywa nini kama si bibi. Bibi alivuta kanga akafunika mdomo, lakini mabega yalimsaliti. Alicheka bila sauti mpaka machozi, akisema ndani ya kanga, "Mwanangu, hapo amekushika. Amekushika hapo." Mjomba alimwangalia mama yake, akaniangalia mimi, akaokota kofia yake na kuondoka. Alisahau kwamba amevaa kandambili mguu mmoja tu.

Hakunisemesha wiki tatu. Akitaka maji ya kunawa alimwambia bibi amwambie mtoto, na mtoto amesimama hapohapo na ndoo. Zuhura naye alinisusia, na huyo ndiye aliyeniuma. A zake tupu zilikuwa zimefanya kazi vizuri kabisa. Nilimkuta kisimani, akaniambia bila kunitazama, "Ungeniambia. Ungeniambia tu kwamba inawezekana kukataa, na mimi ningekataa." Nilimtwisha ndoo yake, akaenda zake. Mwaka uliofuata aliolewa, na nikikutana naye mjini hunichangamkia kuliko ninavyostahili.

Mjomba aliuza mashine ya salfa. Hakuniambia mimi wala bibi. Tuliona tu kona ilipokuwa ikikaa iko tupu, na harufu imeanza kwisha ndani. Kisha alirudi siku moja na sanduku la bati na fomu ya kujiunga iliyokuwa ofisini kwa mtendaji, akamwambia bibi amwombee kalamu yangu. Alikaa na fomu ile tangu baada ya adhuhuri mpaka alasiri ikaadhiniwa, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Jina, kijiji, uhusiano na mwanafunzi. Chini kulikuwa na nafasi ya mistari minne, ya maoni ya mlezi kuhusu tabia ya mtoto. Aliandika neno moja, herufi kubwakubwa zilizolala kama matuta, akatia sahihi, akaikunja, akanipa.

"Usiipoteze," akasema. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu, na sikuona kama anacheka au hacheki.

Nilifika sekondari na sanduku kichwani na viatu vinavyonibana. Mwalimu wa zamu alikuwa mezani nje, anapokea fomu, foleni ndefu nyuma yangu. Alisoma ya kwangu mpaka chini, akasimama pale, akaisoma tena, halafu akaisoma kwa sauti ili na wengine wafaidi.

"Mkaidi. Mlezi wako ndiye aliyeandika hivi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ulikaidi nini?"

"Niliambiwa nifeli."

Nyuma yangu walicheka. Yeye hakucheka. Aligonga muhuri, akaiweka fomu kwenye rundo, akaninyooshea kalamu usoni. "Sawa. Ya nyumbani yamebaki nyumbani. Hapa kwetu hukaidi. Tumeelewana?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa na uzoefu wa miaka mingi wa kusema ndiyo, hakuna aliyenizidi.

"Itategemea umeniambia nini, mwalimu," nikasema.

Nikapewa ufagio kabla sijapewa dawati.